Uzi: Kidole cha barafu chenye majina manne, na fundi rangi anasubiri. Niandike lipi ukutani?

#1 Mpima_Viwanja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna shule ya msingi huku mtaani kwetu imenipa kazi ya kusimamia ramani ya dunia inayochorwa ukutani, upande wa darasa la tano. Mimi ni mpima ardhi, kuchora sijui. Kazi yangu ni kupiga gridi kwa kamba na chaki ili fundi rangi asiisogeze Brazil ikagusana na Angola. Mabara yote tumeshamaliza. Jana tumefika chini kabisa, Antaktiki, na pale chini ya Argentina kuna kidole kirefu kinachochomoza kwenda juu kama kinataka kuigusa Amerika ya Kusini. Fundi akaniuliza, "Mzee, hiki nacho kinaitwaje?" Nikafungua atlasi.

Atlasi ya kwanza ni ya marehemu baba, ya Kiingereza, ya miaka ya 50, jalada limeliwa na mchwa. Imeandika GRAHAM LAND. Ya pili nimeazima kwa mwalimu wa jiografia, ya Kimarekani, nayo ya zamani vilevile: PALMER PENINSULA. Ya tatu ni ramani ambayo jirani yetu baharia alirudi nayo kutoka Valparaíso: TIERRA DE O'HIGGINS. Simu nayo inasema Antarctic Peninsula.

Kidole kimoja majina manne, na fundi analipwa kwa siku.

Kwa ambao hawajawahi kukitazama: kina urefu wa kilomita 1,300 hivi, yaani reli ya kati yote kutoka Dar mpaka Kigoma na chenji inabaki. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 522,000, zaidi ya nusu ya Tanzania. Upande wa kaskazini ni chembamba, kilomita 70 hivi, kina uti wa mgongo wa milima ambayo kwa asili ni ndugu wa Andes. Kusini kinanenepa kabla ya kuingia kwenye mwili wa bara. Magharibi kuna Bahari ya Bellingshausen, mashariki Bahari ya Weddell, na mbele ya ncha kuna mlango wa bahari wa Drake, kama kilomita 1,000 za maji yanayochafuka kwa mawimbi makali mno, mpaka ukutane na Amerika. Karibu asilimia 80 ni barafu.

Nimetumia siku tatu kwenye jambo hili na mke wangu ameanza kuniangalia vibaya. Nisaidieni.

#2 Kobe_wa_Kibada

Andika BARAFU TUPU, mlipe fundi, tuendelee na maisha.

#3 Dada_Zuhura

Nimetandika mkeka hapa. Mpima, anza na hilo la majina. Inakuwaje mahali pasipo na wenyeji pawe na majina mengi kuliko mtaa wa uswahilini?

#4 Mpima_Viwanja

Dada Zuhura, umegusa penyewe. Kwetu mahali hupata jina kutoka kwa wanaoishi hapo, na mgeni hata akiweka lake, lile la kwanza hubaki midomoni. Kule hapakuwa na mtu wa kubaki na la kwanza. Kila aliyepita na meli alikuta ukurasa mweupe, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumshukuru.

Twende kwa miaka. Februari 1819 nahodha wa meli ya biashara ya Kiingereza, William Smith, anasukumwa na upepo kusini ya Rasi Horn, ncha ya Amerika ya Kusini, na kuona visiwa vinavyoitwa leo South Shetland. Mwaka unaofuata jeshi la majini linamrudisha pamoja na Edward Bransfield, mtu wa Cork, Ireland. Tarehe 30 Januari 1820 Bransfield anaona milima nyuma ya ukungu, anaiandika Trinity Land. Hilo ni jina la kwanza. Siku tatu kabla, mbali upande mwingine wa bara, Bellingshausen wa Urusi alikuwa ameona ukingo wa barafu, kwa hiyo mpaka leo wapo wanaogombea nani aliliona bara kwanza.

Novemba mwaka huohuo anafika kijana wa miaka 21, Nathaniel Palmer wa Stonington, Marekani, na merikebu ndogo iitwayo Hero. Alikuwa anatafuta sili, mnyama wa baharini. Tuwe wakweli hapa: waliofika kwa wingi kule mwanzoni walifuata ngozi. Walizichuna kwa kasi kiasi kwamba baada ya miaka michache tu sili wa manyoya wa South Shetland walikuwa karibu wamekwisha. Wamarekani wakakiita kidole Palmer's Land.

Mwaka 1832 John Biscoe, naye mwindaji wa sili, Mwingereza, anashuka nchi kavu, anaitwaa kwa jina la mfalme wake na kuiita Graham Land. Huyu Graham ni Sir James Graham, waziri aliyekuwa anasimamia jeshi la majini kule London. Hakuwahi kukanyaga huko. Tena mahali penyewe Biscoe alipokanyaga akidhani ni bara, baadaye palikuja kuonekana ni kisiwa, Anvers.

1838 anakuja Mfaransa, Dumont d'Urville, anamkumbuka mfalme wake: Terre Louis-Philippe. Halafu Wachile wakakipa jina la Bernardo O'Higgins, na Waajentina wakakiita Tierra de San Martín. Hapo nilicheka peke yangu usiku. O'Higgins na San Martín walivuka Andes pamoja mwaka 1817 kuikomboa Chile, walikuwa marafiki. Nchi zao zimewageuza washindani juu ya barafu ambayo hawakuiona hata mmoja.

Kwa hiyo kuanzia miaka ya 40 ukishika ramani ya mahali hapa unajua mara moja imechapwa wapi. Uingereza walishatangaza madai tangu 1908, Chile wakatangaza 1940, Ajentina nao wakafuata, na madai yote matatu yanalaliana palepale kwenye kidole. Ni kama viwanja vya Mbagala: hati tatu, kiwanja kimoja.

Waliopatana kwanza kuhusu jina ni Wamarekani na Waingereza, mwaka 1964. Kidole kizima kiitwe Antarctic Peninsula. Nusu ya kaskazini ibaki Graham Land, nusu ya kusini iwe Palmer Land, mpaka upite Cape Jeremy upande mmoja hadi Cape Agassiz upande wa pili, karibu na nyuzi 69 kusini. Kila mtu aondoke na kipande chake. Nimesuluhisha migogoro ya mipaka miaka 22, na hilo nalikubali, limekatwa kiutu uzima. Ila Chile mpaka leo wanaandika O'Higgins.

#5 Mwanaharakati_Huru

Mbona hamumtaji Livingstone? Nimeona kwenye ramani kuna Livingston Island hapohapo jirani. Yaani huyu mzee wa Ujiji alifika mpaka kule? Hawa watu hawakutuacha hata kwenye barafu.

#6 Dada_Zuhura

Mwanaharakati, tuliza. Yule wa Ujiji alizaliwa 1813. Hicho kisiwa kilikuwa na jina hilo kwenye ramani za wawindaji wa sili miaka ya mwanzo ya 1820, mzee wetu akiwa bado mtoto Scotland. Tena angalia tahajia, cha barafuni hakina "e" mwishoni.

#7 Mwanaharakati_Huru

Sawa, nimepigwa. Naendelea kusoma kimyakimya.

#8 Mpagazi_wa_Kibo

Wadau, mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro tangu 2004, Marangu ndiyo nyumbani. Kuna barafu pale juu Kibo wageni huwa wananiuliza jina lake, na wengi hushindwa kulitamka: Drygalski. Miaka mingi nilidhani ni mtu aliyekufa mlimani. Baadaye mteja mmoja Mjerumani akaniambia huyo ni profesa wa jiografia, Erich von Drygalski, Hans Meyer ndiye aliyegawa majina ya maprofesa wa kwao kule juu. Ratzel, Credner, Penck, wote hao ni maprofesa.

Sasa leo nimesoma uzi huu nikaingia kwenye ramani ya hicho kidole chenu, pwani ya mashariki inayoitwa Nordenskjöld. Nini naona? Drygalski Glacier! Huyuhuyu bwana, ana barafu Kibo na ana barafu kule. Mpima nisaidie, alifika kote kuwili?

#9 Mpima_Viwanja

Mpagazi, umenifurahisha mno. Drygalski aliongoza msafara wa Wajerumani Antaktiki 1901 hadi 1903 na meli yao Gauss, lakini sehemu nyingine ya bara, siyo kwenye kidole. Jina la pale aliwekewa 1902 na Msweden, Otto Nordenskjöld, aliyekuwa kule miaka hiyohiyo. Ni heshima kati ya mabwana wa fani moja, wewe nitaje kwako nami nitakutaja kwangu.

Lakini utamu ni huu: Nordenskjöld alipaandika kuwa ghuba. Drygalski Bay. Mwaka 1947 Waingereza wanapima vizuri wanakuta hakuna ghuba, ni mto wa barafu unaoshuka baharini. Jina halikufutwa, wakabadilisha neno la pili tu.

Na hilo siyo kosa kubwa. Kubwa ni la 1928. Mwaustralia mmoja, Hubert Wilkins, tarehe 20 Desemba aliruka na ndege kutoka kisiwa cha Deception, akafuata kidole kwenda kusini kwa saa nyingi. Ndiyo mara ya kwanza nchi mpya kuchorwa ramani kutoka hewani kule Antaktiki. Fikiria upo juu, kila kitu cheupe. Chini yako unaona mabonde mapana yamejaa barafu kutoka bahari hadi bahari. Akaamua hayo ni milango ya bahari iliyoganda, kwa hiyo Graham Land siyo sehemu ya bara, ni visiwa. Akaipa milango majina: Casey Channel, Stefansson Strait, na mingine. Nchi iliyokuwa ng'ambo akaiita Hearst Land, kwa heshima ya tajiri wa magazeti aliyelipia safari.

Ramani zikafuata. Karibu miaka minane dunia iliamini kidole kimekatika.

Akaja Mwaustralia mwenzake, John Rymill, na msafara wa 1934 hadi 1937. Watu wachache, meli ndogo ya Penola, ndege moja, na mbwa wa kukokota sleji. Wakatembea kwa miguu mahali ambapo Wilkins aliona bahari. Walipanda barafu juu, mamia ya mita, ndani ya "mlango". Hakuna mlango. Casey Channel leo inaitwa Casey Glacier. Stefansson Strait ipo bado lakini imebanwa ikawa kijilango kidogo kati ya kisiwa cha Hearst na bara. Na tajiri wa magazeti aliyekuwa na nchi nzima amebaki na hicho kisiwa.

Sisi wapima tunajua jambo hili: picha ya juu inakupa umbo, lakini bila kushuka na fimbo na kamba usiweke saini.

#10 Nyeri_Juu

Mko sawa Watanzania. Huku kwetu Mlima Kenya kuna Tyndall Glacier, na nikitafuta huko kwenye kidole, pwani ya Loubet, kuna Tyndall Mountains. John Tyndall yuleyule aliyechunguza barafu za Alps. Hii dunia ya barafu ni kama ukoo mmoja, majina yanazunguka humohumo.

Yetu lakini inaisha. Nilipanda na baba nikiwa darasa la saba, nikapanda mwaka juzi na kijana wangu, ikabidi nimwonyeshe kwa kidole: ilikuwa inafika pale.

#11 Mpagazi_wa_Kibo

Kwetu vilevile mkuu. Sehemu nyingine jina liko kwenye ramani ya wageni, ukifika unakuta kokoto.

#12 Samaki_wa_Kigoma

Sikutaka kuchangia maana jiografia niliiacha kidato cha pili, ila #9 umetaja watu wanaopeana majina nikakumbuka kitu.

Kazi yangu ni samaki wa mapambo. Tunawapigia mbizi ziwani, tunawaweka kwenye mifuko ya plastiki yenye hewa, wanakwenda Ulaya. Kwenye karatasi ya oda hatuandiki majina yetu ya Kiha wala Kibembe, tunaandika ya kitaalamu, kwa hiyo nayajua kama majina ya wanangu. Kuna mmoja anaitwa lemairii. Ana mdomo mkubwa umetazama juu, rangi ya mawe, anajilaza chini ametulia kama amekufa, samaki mdogo akipita juu hamwoni tena. Na kuna mwingine kabisa, mweupe wa fedha, mrefu, anakula mchanga na kuupepeta kwenye matamvua siku nzima. Naye ni lemairii. Wawili tofauti, jina moja la mwisho. Nilimuuliza mnunuzi mmoja Mbelgiji nani huyu Lemaire. Akasema Charles Lemaire, ofisa wa Kibelgiji aliyekusanya samaki Moliro, upande wa Kongo, na mtaalamu Boulenger akawaelezea samaki hao mwaka 1899.

Sasa kwenye ramani ya kidole chenu, pwani ya magharibi, kuna kimlango chembamba kati ya kisiwa na bara. Lemaire Channel. Ni huyuhuyu au jina tu?

#13 Mpima_Viwanja

Samaki, nimesimama. Ni huyuhuyu. Ngoja.

Mlango wa Lemaire una urefu wa kilomita 11 hivi, na penye wembamba ni kama mita 600, kuta za mwamba na barafu zinapanda wima pande zote mbili. Meli za watalii hupita hapo na abiria wote wanatoka nje na kamera. Ukiona picha ya Antaktiki yenye maji yaliyotulia kama kioo na milima imejitazama humo, kuna uwezekano mkubwa ni pale.

Jina liliwekwa na Adrien de Gerlache, Mbelgiji, aliyepita 1898 na meli ya Belgica. Huo ndio msafara wa kwanza kukaa kipupwe kizima ndani ya barafu ya kule, maana meli ilinaswa karibu mwaka mzima. Amundsen, yule aliyekuja kufika Ncha ya Kusini wa kwanza, alikuwemo, bado kijana. De Gerlache aliipaka Ubelgiji pwani yote: kisiwa cha Brabant, cha Anvers, cha Liège, ambayo ni majina ya majimbo ya kwao. Mwenzake Émile Danco alipofariki melini, pwani ikaitwa Danco. Kisiwa cha Wiencke ni cha baharia aliyeanguka baharini Januari hiyo. Na kamlango kazuri kuliko yote akampa Lemaire, msafiri mchunguzi wa Kongo.

#14 Mtu_wa_Kalemie

Bandugu, jambo yenu. Niko Kalemie, nasoma hii uzi toka asubuhi, sasa mumefika kwetu.

Huyo Lemaire tunamujua. Si mtu wa samaki tu. Toka 1890 alikuwa komiseri wa wilaya ya Équateur, wakati Kongo yote ilikuwa mali ya mufalme Léopold wa Ubelgiji. Aliandika shajara ya safari zake, na ndani yake mwenyewe anaandika vijiji vilivyochomwa, kimoja kisha kingine, na tarehe. Kisha 1898 mpaka 1900 akaongoza msafara wa kisayansi wa Katanga: kupima, kuchora ramani, kukusanya mimea na samaki. Ndiyo hao samaki wa ndugu wa Kigoma.

Mwaka mumoja, 1898. Yeye yuko njiani anakuja kwetu na vyombo vya kupimia, na rafiki zake kwa barafu wanamupatia mulango wa bahari. Watalii wanapita wanasema ni pazuri. Ni pazuri kweli, nimeona picha. Lakini mie nikisikia ile jina sioni barafu.

#15 Kobe_wa_Kibada

Nilikuja kutania kwenye #2. Sasa nimekaa kimya dakika tano.

#16 Mwanaharakati_Huru

Si lifutwe tu? Hakuna wakazi wa kulalamika kuwa anwani zao zimebadilika.

#17 Mpima_Viwanja

Afute nani, ndilo swali. Kule hakuna ofisi moja ya majina. Mkataba wa Antaktiki uliosainiwa Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12 (ya Afrika ni moja tu, Afrika Kusini) ulianza kazi 1961, na ibara yake ya 4 inayagandisha madai: hayakubaliwi, hayakataliwi, wala hayaongezwi. Kila nchi ina kamati yake ya majina. Kamati ya kimataifa ya wanasayansi, SCAR, inachofanya ni kuyakusanya yote kwenye orodha moja kubwa, zaidi ya majina 35,000, wakati vitu vyenyewe ni vichache zaidi kwa mbali. Mlima mmoja unaweza kuwa na la Kiingereza, la Kihispania na la Kirusi, yote halali.

Na wanaandika kweli. Waingereza walipoishiwa na watu wa kuwashukuru walianza kugawa majina kwa mafungu, kama mipango miji wanavyofanya mitaa ya matunda na mitaa ya ndege. Sehemu moja ya Graham Land ni waanzilishi wa upigaji picha: Niépce, Daguerre. Pengine ni marubani wa kwanza: Blériot, Wright. Kwenye kisiwa cha Alexander ni wanamuziki, kuna rasi ya Beethoven, uwanda wa barafu wa Mozart, na Bach ana bamba zima la barafu linaloelea. Wabulgaria walianzisha kamati yao 1994, na leo kisiwa kilekile cha Livingston kimejaa majina ya kwao.

Ajentina wao waliona jina pekee halitoshi, wakapeleka familia. Kituo chao cha Esperanza kipo kwenye ncha, Hope Bay. Tarehe 7 Januari 1978 alizaliwa hapo Emilio Palma, mtu wa kwanza anayejulikana kuzaliwa bara la Antaktiki. Mtoto kama bikoni ya mpaka. Esperanza hiyohiyo Februari 2020 ilisoma nyuzi joto 18.3. Njombe mwezi wa Julai wanaamka kwenye baridi kuliko hiyo.

#18 Mzee_wa_Nungwi

Assalaam alaykum wanangu. Mimi nauliza la lugha. Mmeshaandika "kidole" mara kumi. Kiswahili chake ni nini?

Maana nasikia watu wanasema "Rasi ya Antaktiki", kama wanavyosema Rasi ya Arabia vitabuni. Kwetu rasi ni ncha, kichwa, ndivyo Mwarabu alivyolileta: raasi ni kichwa. Ras Nungwi ni pale mnarani, unaizunguka na ngalawa kabla chai haijapoa. Sasa kitu cha kilomita 1,300 nacho ni rasi? Waarabu wenyewe kitu kikubwa kama hicho hawasemi raasi, wanasema shibhu jaziira, mfano wa kisiwa.

#19 Dada_Zuhura

Waalaykum salaam, shikamoo mzee. Ni kweli, lakini shuleni tumekwisha kulipanua. Rasi ya Tumaini Jema ni ncha, Rasi ya Arabia ni nchi kadhaa, na Msasani nayo ni rasi. Neno moja limebeba mizigo miwili na halijalalamika. "Peninsula" nayo imo kwenye vitabu vya shule, ila mtoto wa darasa la tano ataisoma kama jina la dawa.

#20 Mzee_wa_Nungwi

Marahaba. Hilo la dawa limenishinda.

#21 Nyeri_Juu

Mzee ana hoja kuliko anavyojua lakini. "Mfano wa kisiwa" ndiyo picha yenyewe! Wanaopima kwa rada chini ya barafu wanasema ukiitoa barafu yote, hicho kidole hakibaki kipande kimoja. Ni msururu wa visiwa vya mwamba, kati yake kuna mabonde marefu ambayo sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Barafu iliyokalia mwamba ndiyo imeviunganisha.

Kwa hiyo Wilkins wa #9 aliona milango mahali ambapo haikuwepo, lakini neno lake "visiwa" halikuwa upuuzi mtupu.

#22 Mpima_Viwanja

Nyeri, ungekuwa karibu ningekununulia soda. Na kuna kinyume chake vilevile. Kisiwa cha Alexander, kikubwa kuliko vyote Antaktiki, Bellingshausen alikiona 1821 na ramani zikakichora kama sehemu ya bara kwa zaidi ya karne. Mwishoni mwa 1940 Wamarekani wawili, Finn Ronne na Carl Eklund, wakazunguka na mbwa kwenye barafu iliyojaza mkono wa bahari ulioko kati, na kuthibitisha ni kisiwa.

Barafu inaficha, halafu inafichua. Kisiwa cha James Ross kilikuwa kimeshikana na bara kwa bamba la barafu linaloelea mpaka 1995, likavunjika, sasa meli inapita. Larsen B, ya upande wa mashariki, ilisambaratika ndani ya wiki chache mwanzoni mwa 2002, kilomita za mraba 3,250. Mzee wa Nungwi, hizo ni karibu Unguja mbili. Carl Anton Larsen, nahodha wa Norway, alipita kwenye ukingo wa barafu hiyo 1893 na meli ya Jason. Jina lake bado limeandikwa pale, na chini yake sasa kuna maji.

#23 Samaki_wa_Kigoma

Kwa hiyo umeamua nini na ukuta? Fundi si atakuwa amepata kazi nyingine.

#24 Mtu_wa_Kalemie

Mimi nachagua rasi. Na kama kuna nafasi ya kale kamulango, mukaache bila jina.

#25 Mpima_Viwanja

Kaka wa Kalemie, kwenye ukuta ule kamlango hakafiki upana wa unywele wa brashi. Kataachwa.

Mrejesho wa leo. Tumeandika RASI YA ANTAKTIKI. Sikuweka Graham wala Palmer wala O'Higgins. Tatizo lilikuwa nafasi: nilimpigia fundi mistari miwili ya chaki, nikamwambia aanzie kwenye ncha afuate mgongo kushuka kusini. Akaanza kwa herufi nene za kujidai, RASI YA ikakaa vizuri sana, mpaka anafika ANTAK mwamba umeisha. TIKI ikabidi iingie Bahari ya Weddell.

Mwalimu mkuu kaja, kaangalia, kasema ni pazuri. Mtoto mmoja wa darasa la tano kasoma kwa sauti, "Rasi ya Antak," akanyamaza, akasogea hatua mbili kulia, "tiki."

Weddell mwenyewe, nahodha Mwingereza, wala hana haki ya kulalamika. Mwaka 1823 aliiita bahari ile kwa jina la mfalme wake, George wa Nne, na 1900 Mjerumani mmoja ndiye aliyemwekea hilo lake.

Sasa fundi amebakiwa na nusu kopo la rangi nyeupe na ananiuliza Greenland nayo ina majina mangapi. Nimemwambia aoshe brashi aende nyumbani.